Mirtiye Mbili za Mamere Henriette

Lubudi, tarehe 2 Juni 1975

Kwa muke ya Kisimba, ku Kolwezi,

Yambo. Mi niko muzima, mugongo tu njo inanisumbua. Laurentine anakusalimia. Ku karte yake sasa banaandika Kabedi, ju serikali ilikataza majina ya kizungu, mais mi mama yake nilimuita Laurentine na nitamuita vile mpaka kaburi. Tumbo yake ya ine iko karibu kuzaa, na bado analima.

Siandike ju ya habari ya mugongo. Naandika ju ya muti. Unakumbuka siku Mamere Henriette, sista ya misioni, alirudia kwabo Ubelgiji, alituachia mirtiye zake mbili, ile miti mifupi ya matunda madogo ya bluu, moja ya majani mapana, moja ya majani membamba, kila moja mu nusu-pipa yake nyuma ya foyer ya Kolwezi kwenye alikuwa anafundisha bamama kushona. Tuligawa sawa batu ya akili banagawa vitenge ya marehemu: moja yako, moja yangu, asikuwe mutu wa kunung'unika. Pipa ilikuwa nzito, nikaacha, nikabeba muti yangu mu gunia na treni mpaka huku.

Sasa muti inageuka njano. Majani yote njano, mishipa tu njo inabaki kijani. Na mi niliipa pahali pazuri! Niliipanda katikati ya lengalenga na kabichi yangu, na kila asubui namwagia majivu ya mbabula, jiko yangu ya makala, vile mama yangu alinifundisha. Lengalenga inanenepa, kabichi inanenepa, ile ya Mamere inakonda. Yako inakula nini? Uniambie ukweli. Mamere alikupenda wewe kuliko mi, labda alikuachia siri.

Tena, kila siku ya Mungu nikitoka kanisa banauliza: "Mama Numbi, kwa Kisimba kuko habari?" Nabajibu Kisimba eko na kazi mingi ku barrage ya Nzilo, kwenye banafanya umeme. Nitajibu vile mpaka lini?

Mi, Numbi


Kolwezi, tarehe 15 Juni 1975

Kwa Mama Numbi, mama ya bwana yangu,

Yambo sana, Mama. Pole na mugongo. Upake mawese, mafuta ya ngazi, yenye moto kidogo, na umwambie Laurentine akukande, hata kama atalalamika.

Mama, usinikasirikie: ile majivu njo inaua muti. Kwa lengalenga majivu ni chakula, kwa mirtiye ni sumu. Mamere alikuwa anasema inataka udongo wenye ukali sawa ndimu, na majivu inaondoa ule ukali. Tena udongo ya Lubudi yenyewe, unaijua, ile majiwe meupe ya kufanya simenti iko chini ya mashamba yote. Muti iko na njaa katikati ya chakula.

Uichimbue pole pole na udongo ku mizizi. Utafute nusu-pipa, utoboe matundu chini. Ujaze udongo mweusi ya pori, ile ya chini ya miti, na ku juu umwage majani ya misonobari. Nasikia ku misioni yenu iko mingi. Maji ya kisima uikamulie ndimu kidogo. Mvua ikianza, uipe maji ya mvua tu.

Na usiiache peke yake mu pipa. Kwangu nilipanda fraise pembeni, ile matunda myekundu ya kutambaa, zinafunika udongo isikauke, na thym kidogo, majani ya kunukia. Hizi zinaelewana na mirtiye. Kabichi hapana, haziwezi kula sahani moja.

Mama, usifikiri kwangu kuko siri ao raha. Majani yangu iko kijani kabisa. Mwaka jana ilitoa maua mpaka bajirani banakuya kutazama, kisha maua ikaanguka na tunda hakuna, ata moja. Kwa Mamere tulikuwa tunachuma bakuli nzima! Mama Ngeleka wa nyumba ya pili alisimama ku lupango yangu, mu kiwanja, akasema: "Tshiela, muti inafanana na mwenyewe." Akacheka, na mi nikacheka, ju mutu atafanya nini? Kisha nikaingia ndani.

Ju ya habari ya batu ya kanisa, Mungu anajua. Kisimba anakuya mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anarudia Nzilo.

Muke ya mutoto yako,
Tshiela


Lubudi, tarehe 20 Julai 1975

Kwa muke ya Kisimba,

Nilifanya yote. Pipa nilipata ku gare ya treni, ilikuwa ya mazuti, mafuta ya mashini, niliiosha na sabuni na mchanga mpaka mikono inachubuka. Majani ya misonobari niliomba ku misioni, mulinzi akaniuliza kama nataka kulalia. Fraise alinipa muke ya pasta. Majani mapya inatoka kijani. Basi uko na akili, nimekubali, usirudilie kunikumbusha.

Sasa usikilize ingine. Mi sijue kuficha, na sipendi uisikie ku midomo ya wasafiri wa treni. Tata Kyungu, kaka mukubwa ya marehemu bwana yangu, aliita jamaa yote siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu. Banasema miaka tano ni mingi. Banasema Kisimba ni mutoto mwanaume mumoja tu wa nyumba ile. Kuko binti, Adolphine, mutoto ya shemasi, mupole, anajua kulima. Kama mpaka Noeli tumbo yako haiko na kitu, bazee batapanda treni, batakuya Kolwezi kuongea na Kisimba, na wewe utarudia kwa bazazi yako, ju Kisimba ni mukristo, hataweka bibi bawili.

Mi sikusema ndiyo. Mi sikusema hapana vilevile. Mi mama mujane, niko kwenye kiwanja ya bwana yangu na ya bandugu yake.

Baridi huku inauma. Funika muti.

Numbi


Kolwezi, tarehe 3 Agosti 1975

Kwa Mama Numbi,

Barua nilipata. Nililia, nakuambia wazi. Nilipika bukari, ugali yetu, ikaungua, nikapika ingine, ikaungua.

Miaka tano nakuita Mama. Na ku bahasha yako unaandika "Kwa muke ya Kisimba". Ku Kolwezi bamama yote banaitana Mama fulani, Mama fulani, na mi banapiga kelele tu "Tshiela!" sawa mutoto ya masomo. Kutoka kwa bajirani nazoea. Kutoka kwako, hapana, ile sijazoea.

Mi nilienda kwa munganga, Mama. Mara tatu. Alinipima yote yenye banapima, na alisema mi niko muzima, kila kitu iko sawa. Nilikuwa nataka uyue ile. Yenye inabakia sitaandika.

Usifunike muti. Mamere alisema ile baridi ya Julai njo inaiamsha. Bila baridi haitoi maua. Yangu inaanza kufungua bitone ya maua.

Tshiela


Lubudi, tarehe 17 Agosti 1975

Kwa Tshiela,

Unaona? Niliandika jina.

Ulikasirika, na mi nilikasirika pia. Munganga anajua nini? Munganga aliniambia mi nitakufa mwaka wa sitini na mbili, na yeye njo alikufa. Alisema uko muzima, basi mutoto eko wapi? Na ni nini ile "yenye inabakia"? Unaanza maneno, unaikata sawa kamba. Mi ni mama ya Kisimba. Kama uko na neno ju ya nyumba ya mutoto yangu, useme.

Muti yangu nayo ilianza maua. Midogo, meupe, sawa kengele imeinama. Nilifurahi mpaka nikaita Laurentine. Alizaa juzi, mwanamuke, kilo tatu na nusu. Tulimuita Kanku.

Numbi


Lubudi, tarehe 5 Septemba 1975

Kwa Tshiela,

Hukujibu. Wasafiri banafika, nauliza, barua hakuna. Uko mugonjwa? Ao umenichoka? Kama umenichoka, sawa, mais usikilize hii, ju sikulala vizuri na inabidi nimwambie mutu.

Maua yangu iko mingi, na inaanguka sawa yako ya mwaka jana. Napiga magoti naangalia chini ya kila ua: kitunda kinapaswa kuanza, hakianze. Nikasema, udongo? Udongo iko muzuri. Maji? Muzuri. Majivu nimeacha. Nyuki zinapita, naziona. Nikakaa pale ku kiti ya jikoni, nikaona ku ukuta, kwenye niliitundika, ile hindi moja iliota yenyewe mwaka jana nyuma ya choo, peke yake. Ilikuwa ndefu, nzuri, kuliko ya shambani. Nilipoimenya ilikuwa na mapengo, mbegu kumi, kumi na mbili. Mulimaji yote anajua hii: hindi moja peke yake haijaze. Inataka zingine karibu, upepo ipeleke unga kutoka kwa hii mpaka kwa ile.

Nikapiga kelele peke yangu mu jikoni. Mamere hakuweka mbili ju ya uzuri! Majani mapana na majani membamba, ziko namna mbili, nyuki inatoka kwa hii inaenda kwa ile, njo tunda. Na sisi bajinga bawili tukazigawa sawa vitenge! Moja Kolwezi, moja Lubudi, katikati Tenke na njia yote ya treni. Nyuki gani itapanda treni?

Na miaka yote tunalaumu kila muti peke yake. Yako, "inafanana na mwenyewe". Yangu, udongo ya simenti.

Kisha, Tshiela, kitu ingine ilinikuyia pale pale. Kisimba akikuwa na miaka kumi na sita alivimba matama, matubwitubwi, ile ugonjwa ya batoto. Kisha uvimbe ikashuka chini, kwa upande wa uwanaume wake. Siku mingi alilala akilia, na mi nilimukanda na maji ya moto. Ikapona. Nikasahau. Mutoto alipona, mama anaweka mu akili ya nini?

Nakuuliza mara moja, na sitauliza tena. Kuko mutu alimupima Kisimba?

Numbi


Kolwezi, tarehe 12 Septemba 1975

Kwa Mama Numbi,

Siko mugonjwa. Sikukuchoka.

Mama, kila kitu yangu mi uniulize, nitakujibu: nimekula nini, nimelia siku gani, nimemujibu nini Mama Ngeleka. Mais Kisimba ni bwana yangu. Kitu yake iko kwake. Aliniomba, na mi nilikubali, na neno yangu ni neno. Sitaitoa mu barua, ata kwa mama yake, ata kama bazee bote ya Lubudi banapanda treni. Kama nitafukuzwa, nifukuzwe na mudomo umefungwa.

Usinilazimishe, Mama. Nakuomba na mikono mbili.

Maua yangu bado iko.

Tshiela


Lubudi, tarehe 18 Septemba 1975

Kwa mutoto yangu Tshiela,

Umejibu. Aksanti. Sina haja ya ingine.

Nakuya. Maua yangu ya chini imeanguka, ya juu bado iko. Nabeba pipa mara hii, yote, na fraise zake na udongo yake. Chef de gare, mukubwa ya gare, anasema ni lazima ipande mu vagon ya mizigo; nilimwambia basi na mi nitapanda mu vagon ya mizigo. Tutalala Tenke kungoja treni yenu. Utafute mutu wa pusupusu, ile mukokoteni, ku gare siku ya ine, Alhamisi.

Usipike kitu kubwa. Na usimwambie Kisimba kama najua.

Numbi


Kolwezi, tarehe 29 Septemba 1975

Kwa bwana yangu Kisimba, ku Nzilo,

Mama yako eko hapa. Alishuka ku vagon ya mizigo na vumbi mpaka ku kope, mikono mbili imezungusha pipa, na anagombeza bapakizi: "Pole pole! Muko mumebeba bibi-arusi!" Batu yote ya gare bakacheka. Hakunisalimia kwanza. Alitazama maua, akahesabu yenye ilianguka mu njia, akasema zinatosha. Kisha akanikumbatia, na hakuniachilia haraka, mpaka mutu wa pusupusu akauliza kama tunaenda ao hatuendi.

Pipa mbili ziko pembeni, zinagusana majani. Amevuta kiti, anakaa pale kutwa nzima anatazama nyuki, sawa polisi ya barabara. Lumbalumba yangu, ile sawa mrehani, yenye iko mu makopo amezipanga katikati, ju zinanuka na nyuki hazipite mbali. Mama Ngeleka alikuya kuchungulia. Mama yako akamuuliza: "Wewe unatafuta nini ku lupango ya mutoto yangu?" Hakurudi.

Kisimba, sikusema kitu. Naapa. Mais iko kitu lazima uyue, na mi nimesikia jana tu, tukichambua sombe, majani ya mihogo. Mbele ya kupanda treni alienda kwa Tata Kyungu, mbele ya jamaa yote, akasema: "Kisimba alitoka mu tumbo yangu. Kama kuko kasoro ku nyumba ile, ni ya tumbo yangu, si ya ule binti. Muniseme mi. Na kama kuko mwenye anamupenda Adolphine sana, amuoe mwenyewe." Tata Kyungu alimwambia kama ni vile, shamba ya marehemu inarudi kwa ndugu, hawezi kulima tena pale. Na yeye akajibu: "Sawa."

Mama yako yuko tayari kupoteza shamba, na mi niko tayari kurudia kwetu. Sisi bote bawili tunafunika kitu kimoja. Sikuombe kitu. Nakuambia tu vile iko.

Muke yako,
Tshiela


Nzilo, tarehe 4 Oktoba 1975

Kwa muke yangu Tshiela,

Nilisoma barua yako mu salle des machines, chumba ya mashini, na kelele ile yote, nikasikia aibu. Nilifikiri nikinyamaza mambo itapita. Haikupita. Iliwaangukia nyinyi.

Usimwambie Mama kitu. Nimeomba konji, siku za kupumzika. Naenda Lubudi mi mwenyewe.

Kisimba


Kolwezi, tarehe 7 Desemba 1975

Kwa Mama Numbi,

Mama! Mama wee!

Toka urudie Lubudi nilikuwa nangoja bila kukuandikia, ju niliogopa kusema mapema. Zimeiva! Yangu na yako. Ilianza kijani, ikakuwa nyekundu, kisha bluu na unga juu sawa imepakwa poda. Ndege zilitaka kumaliza, nikazifunika na shela ya ile komunyo yangu ya zamani. Mama Ngeleka alikuya na sahani. Nilimupa, Mama, usikasirike, nilimupa kidogo.

Nakutumia bokali moja, chupa ya mudomo mupana, na mutu wa treni. Ya chini ni zangu, za majani mapana, ya juu zako, za majani membamba; mi naona yako njo tamu kuliko, mais usirudilie kunikumbusha.

Kisimba alirudia kutoka Lubudi na hakuniambia kitu. Alikula, akalala, kesho yake akaosha mbabula mwenyewe na akatupa majivu mbali na pipa. Noeli inakaribia. Kila treni ikipiga filimbi, natoka ku barabara kutazama. Bazee banakuya ao hapana? Uniambie, ata kama ni mubaya.

Tshiela


Lubudi, tarehe 16 Desemba 1975

Kwa Mama Tshiela, ku Kolwezi,

Hakuna mutu anakuya. Nasema ile kwanza ili upumue.

Kisimba hakukuambia, basi nitakuambia mi. Alifika huku na koti yake ya kazi, akaomba jamaa yote ikae, bazee na bamama, akasimama katikati na akasema: "Munganga alinipima mara mbili. Ni mi. Tshiela alijua miaka mbili na alinyamaza ju nilimuomba. Kama munataka kufukuza mutu, munifukuze." Mi nilikuwa pembeni ya mulango, na nililia sawa siku nilimuzaa. Hakuna mutu alipiga kelele. Tata Kyungu akamuuliza Kisimba kama alikula. Njo vile banaume banaomba musamaha huku kwetu. Shamba nalima bado. Adolphine anaolewa na mwalimu ku Bukama, na nasikia anafurahi sana, hakutaka kamwe mutu wa Nzilo.

Bokali ilifika. Niliipeleka kwa Tata Kyungu mwenyewe. Alikula moja, akakunja uso: "Njo hii muliikalia mu vagon ya mizigo?" Akakula ingine. Tulimaliza bokali sisi babili. Laurentine alipata mbili tu, na Kanku mudogo alipaka moja ku nguo.

Pipa yangu ibakie kwako. Isirudi mu gunia tena. Nikitaka kuiona, nitapanda treni.

Mulete Kisimba ku Noeli. Ukifika usikae ku kiti ya bageni, upite moja kwa moja jikoni. Mulinzi wa misioni amenipa majani ya misonobari gunia mbili, utabeba ukirudia. Batu ya kanisa bananiuliza bado: "Mama Numbi, kwa Kisimba kuko habari?" Sasa najibu: "Kuko. Muke yake anaitwa Mama Tshiela." Banauliza, mama ya nani? Nabaambia: ya kwangu.

Mama yako,
Numbi